Kulea monstera nyumbani: kuanzia kitaluni hadi majani yenye matundu

Mama alikuja kunitembelea Tabata akitokea Tanga, akasimama mbele ya monstera yangu sebuleni, akashika jani na kuligeuza kama mtu anayekagua kanga dukani. "Mwanangu, hili si gimbi? Nani kalitoboa?"

Nilicheka, ila hakuwa mbali na ukweli. Monstera na magimbi ni ukoo mmoja, ule ambao wataalamu wa mimea wanauita Araceae. Humo wamo pia anturiamu, filodendroni, na pothosi, yale maua ya kutambaa ambayo kila nyumba ya mjini imewahi kuyaweka kwenye chupa ya maji juu ya friji. Kinachowatenganisha ndugu hawa ni maisha yao. Gimbi hukaa bondeni, miguu kwenye tope. Monstera huanzia chini ya msitu na kukwea mti, na mizizi yake imezoea kupata hewa nyingi. Monstera yangu ya kwanza niliiua kwa sababu niliimwagilia kama gimbi, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa upendo wote. Wiki ya saba shina lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Kwa hiyo mwongozo huu umesimama juu ya mambo mawili: mmea huu unataka mwanga, na unataka kitu cha kukwea. Mengine yote, hata maji, yanafuata hapo.

Matundu yanatoka wapi

Asili ya Monstera deliciosa, ile yenye majani makubwa yaliyochanika pembeni, ni misitu ya kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Mche mchanga ukiota chini ya msitu hauna matundu kabisa; majani yake ni mazima, yana umbo la moyo. Cha ajabu ni kwamba mwanzoni baadhi ya monstera hufuata giza badala ya mwanga. Mwaka 1975 watafiti wawili, Donald Strong na Thomas Ray, walieleza jinsi miche ya aina mojawapo huko Kosta Rika inavyotambaa kuelekea upande wenye giza zaidi, kwa sababu giza msituni maana yake ni shina la mti mkubwa. Ukishalifikia shina, mmea unageuza nia na kuanza kukwea kufuata mwanga wa juu. Hapo ndipo majani yanapokua makubwa na kutoboka.

Tundu lenyewe hutengenezwa mapema mno, jani likiwa bado dogo sana na limejikunja. Chembechembe za sehemu fulani hufa zenyewe, kidoa hicho hupanuka kadiri jani linavyokua, na yale yaliyo karibu na ukingo hupasuka hadi nje na kuwa michano. Ndiyo maana jani likishafunguka likiwa zima, litabaki zima hadi lianguke, hata ulipigie magoti. Mwanga unaoongeza leo utauona kwenye majani yajayo, la tatu au la nne kutoka sasa.

Kuhusu faida ya matundu, maelezo ninayoyapenda ni ya Christopher Muir, aliyeandika mwaka 2013 kwamba chini ya msitu jua hufika kwa vidoa vidoa vinavyohamahama. Jani lililotoboka hutandaza nyama ileile kwenye eneo kubwa zaidi, kwa hiyo lina nafasi nzuri zaidi ya kukamata angalau kidoa kimoja.

Kama unataka ushahidi bila kusafiri, tafuta pothosi iliyokwea mwembe wa zamani. Mmea uleule ambao kwenye chupa jani lake halizidi kiganja, juu ya mwembe una majani kama ungo, na mengine yamechanika. Hakuna aliyeipa dawa. Ilipata mti na mwanga tu.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Vitaluni neno "monstera" linauza, kwa hiyo mimea minne tofauti huitwa hivyo.

Monstera deliciosa ina majani mapana, michano kutoka ukingoni, na kwenye mmea uliokomaa vitundu vidogo karibu na mshipa wa kati. Mahali kikonyo kinapokutana na jani pana mikunjo kama shingo ya shati lililofinywa. Monstera adansonii ni ndogo zaidi, matundu yake yako katikati ya jani na ukingo umebaki mzima; hii ndiyo inayoonekana kama imeliwa na nondo. Rhaphidophora tetrasperma huuzwa kama "monstera ndogo" lakini ni ya jamii nyingine, kutoka Tailandi na Malaysia. Matunzo yake hayatofautiani sana, ila hukwea haraka zaidi. Ya nne ni Thaumatophyllum, ile ya bustanini yenye majani yaliyokatikakatika kama manyoya. Haikwei ukuta wa sebule, inatanuka. Ukiinunua kwa kudhani ni monstera, mwaka mmoja baadaye utakosa pa kuweka kochi.

Kabla ya kulipa, geuza majani. Mistari ya rangi ya fedha yenye vidoti vyeusi kama masizi ni dalili ya vithiripi, na mmea huo uache hapohapo hata ukipewa bei ya shemeji. Angalia kwenye makwapa ya vikonyo kama kuna pamba nyeupe. Hao ni vidung'ata. Nusa udongo: ukinuka kama mtaro, mizizi imeoza. Hesabu pia mashina. Mara nyingi wauzaji hupanda miche mitatu au minne kwenye kopo moja ili ionekane imejaa. Si kosa, ila ujue una mimea minne itakayogombania chakula, na siku ya kuhamisha unaweza kuigawa.

Mche wenye majani ya moyo yasiyo na tundu usikutie shaka. Ukiwa umetoka kwenye mbegu, michano huanza kama mwaka wa 2 au wa 3.

Ukifika nyumbani, utenge na mimea mingine kwa wiki mbili. Wadudu wengi huingia nyumbani kwa mlango wa mbele, wakiwa wamebebwa na mwenye nyumba.

Hatua ya 2: Mahali pa kuuweka

Maneno "mwanga mwingi usio wa moja kwa moja" yamerudiwa mpaka hayana maana tena, kwa hiyo fanya hivi. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha mkono juu yake, sentimita 30 hivi. Kivuli kikiwa na ukingo mkali kama umechorwa, hapo jua ni kali, majani yataungua. Kivuli kikionekana lakini ukingo wake umefifia, hapo ni pazuri. Usipoona kivuli kabisa, mmea hautakufa upesi, ila utarefusha vikonyo ukitafuta dirisha, na majani yatatoka madogo na mazima.

Nyumba zetu zina giza kuliko tunavyodhani. Kuna nondo za dirisha, kuna wavu wa mbu uliojaa vumbi, kuna pazia zito, na nje kuna baraza lenye paa refu. Mimi nilifua wavu wa dirisha moja kwa sabuni na brashi, na tofauti niliiona kwa macho. Mita moja kutoka dirisha kubwa ni sawa. Mita tatu, kwenye kona nzuri karibu na televisheni, ni jela.

Dirisha la mashariki ndilo bora, kwa sababu jua la asubuhi hadi kama saa tatu ni pole. La magharibi ni hatari kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni, hasa Januari na Februari. Weka pazia jepesi. Kwa kaskazini na kusini kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kukuambia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita upande wa kusini, na miezi mingine yote linapita kaskazini. Dirisha lililokuwa salama mwezi wa Julai linaweza kuunguza mwezi wa Desemba. Sogeza chungu hatua moja, usisubiri majani yapauke.

Joto la nyuzi 18 hadi 30 linaufaa. Pwani hatuna shida hiyo, wala ya unyevu wa hewa. Shida yetu ni kiyoyozi: usiuweke mahali kinapopuliza. Walioko Nairobi, Njombe au Mbeya wauondoe karibu na kioo usiku wa Juni na Julai, maana joto likikaribia nyuzi 10 mmea unasimama kukua na majani yanaanza kulegea. Ndugu zetu wa Maskati wanapambana na kiyoyozi karibu mwaka mzima, na wa Ulaya na giza la Desemba. Hao wa Ulaya wataongeza taa ya mimea na kupunguza maji.

Hatua ya 3: Udongo na chungu

Udongo mwekundu uliochimbwa nyuma ya nyumba hugandamana kama tofali ukiwekwa kwenye chungu. Mimi nachanganya hivi, kwa kopo la kupimia lolote:

- sehemu 2 za makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa vipande vya ukubwa wa harage
- sehemu 1 ya mboji, au samadi iliyooza mpaka hainuki
- sehemu 1 ya vipande vya mkaa (mkaa wenyewe, majivu yasiingie)
- sehemu 1 ya kokoto ndogo. Ukiwa Arusha au upande wa Naivasha, vile vijiwe vyepesi vya volkano ni bora zaidi
- nusu sehemu ya makapi ya mpunga

Lowesha kidogo, finya konzi moja kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Mchanganyiko mzuri unamomonyoka wenyewe. Ukibaki umeshikana kama tonge la ugali, ongeza makumbi na kokoto.

Chungu lazima kiwe na matundu chini. Ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa kabisa kwa mmea mkubwa: chomea matundu kumi hivi kwa msumari wa moto, kisha iingize ndani ya kikapu cha ukindu wageni wasijue. Chungu cha udongo hukauka haraka, kinawafaa wenye mkono mzito wa maji. Ile desturi ya kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri, iache. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanakwama juu yake, na unachopata ni mizizi iliyosogezwa karibu zaidi na tope.

Hamisha kila mwaka mmoja au miwili, mizizi inapochungulia chini. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu za upana. Chungu kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi haina uwezo wa kuyanywa.

Hatua ya 4: Mpe mti wa kukwea

Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Wananunua, wanaweka mahali pazuri, wanamwagilia vizuri, halafu mmea unalala chini na kutambaa sakafuni kama boga, majani yakizidi kupungua ukubwa.

Nguzo yangu natengeneza hivi. Nachukua bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita 1.2, natoboa vitundu kwa msumari wa moto kila sentimita 10 kuzunguka, kisha nalizungushia usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) unene wa sentimita 3 na kuubana kwa mshipi wa kuvulia. Sehemu ya chini, sentimita 25 hivi, inaachwa bila usumba, ndiyo inayoingia kwenye chungu. Naziba mwisho wa chini kwa kipande cha ndala.

Sasa kuhusu huo usumba nina kisa. Mara ya kwanza nilileta mzigo wa usumba kutoka pwani ya mashariki ya Unguja, mzuri, mweupe, umepigwa vizuri. Mwezi haukuisha, ncha za majani zikaanza kukauka rangi ya kahawia, ukingo mzima, kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Nilibadilisha mahali, nikabadilisha maji, wapi. Jibu lilikuwa kwenye nguzo. Akina mama wa kule huyafukia makumbi ufukweni, maji yanapokupwa na kujaa, kwa miezi mingi, ndipo wanayafukua na kuyapiga. Usumba ule ulikuwa umelala baharini! Kila nilipomwagilia nguzo nilikuwa naishushia mizizi chumvi.

Siku hizi naloweka usumba kwenye ndoo ya maji baridi siku nne, nabadilisha maji kila siku, na siku ya mwisho nakamua uzi mmoja ulimini. Ukikolea hata kidogo, unarudi ndooni. Vipande vya makumbi ya kawaida kutoka kwa muuza nazi havina shida hiyo, navisuuza mara mbili basi.

Nguzo iingie siku ya kuhamisha chungu, usije ukaichomeka baadaye ukakata mizizi. Angalia shina: mmea una mbele na nyuma. Majani yanatazama mbele, mizizi ya hewani inatokea nyuma. Nguzo inakaa nyuma. Funga shina kwa vipande vya kanga kuukuu, bila kukaza, na ufunge shina lenyewe, kamwe usifunge vikonyo, kwa sababu kikonyo kinahitaji kujigeuza kufuata mwanga. Waya utakata.

Kisha mimina maji ndani ya bomba kutoka juu, kikombe kimoja kila siku mbili tatu. Yatavujia kwenye usumba taratibu, na mizizi ya hewani ikikutana na unyevu itang'ang'ania. Ukiona mzizi umezama kwenye usumba na hauvutiki, kazi imekubali. Mizizi inayoning'inia mbali unaweza kuielekeza kwenye chungu, au kuikata ikikukera, mmea hautalia.

Hatua ya 5: Maji

Usiwe na ratiba. "Kila Jumamosi" ndiyo iliyoniulia mimea miwili baada ya ile ya kwanza.

Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke hadi nusu ya kina cha chungu, subiri dakika kumi, kitoe, kama unavyopima keki. Kikitoka kimeshikwa na udongo mbichi, funga bomba uende zako. Kikitoka kikavu au na unyevu wa mbali tu, mwagilia. Baada ya miezi michache utaacha kijiti, utainua chungu na uzito utakuambia.

Ukimwagilia, mwagilia kweli: zungusha maji juu ya udongo wote mpaka yatoke chini, subiri robo saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kikombe kimoja kimoja kila siku hulowesha juu na kuacha chini pakavu, au kinyume chake, na vyote viwili ni vibaya.

Kwa kukadiria tu: kwangu Dar, Januari yenye joto, ni kila siku 5 hadi 7. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ni siku 10 hadi 14. Masika, hewa ikiwa imelowa na mawingu yamefunika wiki nzima, nimewahi kukaa siku 16.

Maji yenyewe ni suala. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Kama chai ya nyumbani kwenu ina ladha ya ajabu, monstera nayo inaionja. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, au tumia ya kisima lakini kila mwezi mara moja safisha udongo kwa kumimina maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa chungu yapite yote. Maji ya bomba yanayonuka dawa yaache wazi usiku kucha.

Asubuhi utakuta matone kwenye ncha za majani, sakafu imelowa. Mmea unatoa maji ya ziada, ni kawaida. Ukiona kila siku, punguza kumwagilia.

*Ukichelewa na mizizi imeoza:* dalili ni majani ya chini kuwa ya njano mawili matatu kwa pamoja huku udongo ukiwa mbichi, harufu, na shina kuwa jeusi chini. Utoe wote, osha mizizi. Mzima ni mgumu na mweupe au wa rangi ya hudhurungi. Uliooza unavuliwa ganda kwa vidole na kuacha uzi. Kata vilivyooza vyote kwa kisu kilichofutwa spiriti, acha vidonda vikauke kivulini saa chache, panda kwenye mchanganyiko mpya na chungu kidogo zaidi, na usiweke mbolea hadi jani jipya litoke.

Hatua ya 6: Chakula

Fupi. Mbolea ya kuyeyuka ya NPK 20:20:20 kutoka duka la pembejeo, nusu kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, mara moja kwa mwezi, udongo ukiwa umelowa tayari. Wakati wa baridi acha. Yurea usiiguse, kwenye chungu inaunguza mizizi. Mbolea haileti matundu, na mmea ulio gizani ukilishwa sana unaharibika tu.

Futa majani kwa kitambaa chenye maji kila wiki mbili, mkono mmoja ukishika jani kwa chini. Mafuta ya kupikia na maziwa yanang'arisha kwa siku moja, kisha yanakamata vumbi la barabara lote.

Wadudu

Vithiripi ndio adui. Ni vyembamba kama kipande cha uzi cha milimita moja hadi mbili, wadogo wao ni weupe kama nta, na hutaga ndani ya nyama ya jani, kwa hiyo kupulizia mara moja hakusaidii chochote. Peleka mmea bafuni, osha majani yote juu na chini kwa maji yenye kasi. Kisha changanya mafuta ya mwarobaini mililita 5 na nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, tikisa, pulizia jioni jua likizama, migongo ya majani hasa. Rudia kila siku 5 hadi 7 kwa wiki nne, bila kuruka, hata ukidhani wameisha. Jani lililoharibika sana likate. Wakirudi baada ya hapo, nenda duka la pembejeo uulizie dawa iliyosajiliwa kwa vithiripi vya maua na ufuate kipimo cha kwenye chupa.

Vidung'ata waguse mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti. Utitiri, ule unaoacha utando mwembamba, huja hewa ikiwa kavu. Maji na sabuni vinautosha. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinasema jambo moja: unamwagilia mno.

Tahadhari kwa watoto na paka

Kila aliyewahi kumenya magimbi mabichi anajua kuwashwa. Monstera ina vijisindano vilevile vya oksaleti ya kalisi kwenye majani, shina na utomvu. Mtoto, mbwa au paka akitafuna, mdomo na koo vitawaka na kuvimba. Msuuze mdomo, mpe maji au maziwa baridi, na koo likivimba au akihema kwa shida, hospitali mara moja. Wewe mwenyewe vaa glavu unapokata, usijifute macho.

Tunda lake huliwa, lakini linachukua zaidi ya mwaka kuiva na ndani ya nyumba hutaliona. Likiwa halijaiva linawasha kama jani.

Hatua ya 7: Kuzalisha mche mpya

Mwaka juzi nilinunua mtandaoni "mche" kutoka kwa muuzaji mmoja: jani zuri ajabu, limesimama kwenye chupa. Nililitunza miezi minane. Lilibaki jani. Mtu akikata kikonyo bila kipande cha shina, anakuuzia ua la chupa, hata likitoa mizizi halitachipua kamwe.

Wakulima wa muhogo na miwa hawadanganyiki hapa, wanajua kuhesabu macho kwenye pingili. Monstera ni hivyohivyo. Kwenye shina, mahali kila kikonyo kinapotokea, pana pete, na juu ya pete kuna jicho dogo lililovimba. Pingili yako iwe na jicho angalau moja, jani moja, na ikiwezekana mzizi wa hewani. Kata sentimita 2 chini ya pete kwa kisu safi. Acha kidonda kikauke nusu siku, kisha iweke pingili kwenye maji, jicho likiwa karibu na uso wa maji, jani likiwa nje. Badilisha maji kila siku tatu. Kwa joto la Dar mizizi huonekana ndani ya wiki mbili hadi nne. Ikifika sentimita 5 na kutoa matawi, panda kwenye kopo dogo na udumishe unyevu kidogo zaidi ya kawaida kwa wiki mbili za kwanza, kwa sababu mizizi ya majini haijazoea ukavu.

Mmea mama nao utachipua kutoka jicho lililo chini ya mahali ulipokata, kwa hiyo ukate ukiona umekuwa mrefu mno, usiuonee huruma.

Pingili ya kwanza niliyofanikiwa aliichukua mama. Aliipanda Tanga chini ya mwembe, upande usiopigwa na jua la mchana, sentimita 30 kutoka kwenye shina, nikamwagiza aufungie kwenye gome kwa kamba ya kanga mpaka ushike wenyewe. Baada ya masika alinipigia. Gimbi limeshika mwembe, alisema, jani la mwisho limetoka limechanika vizuri, na jirani ameshaomba mbegu. Kisha akauliza kama majani yake machanga yanapikika na nazi. Nikamwambia hapana mama, hayo hata yakichemka siku nzima usiyaweke mdomoni.